Mwizi Mwenye Adabu

Kibanda kilikuwa kimefagiliwa. Hilo ndilo jambo la kwanza Inspekta aliloliona, na halikumpendeza hata kidogo, kwa maana katika miaka yake yote ya upelelezi hakuwahi kukutana na mwizi aliyeshika ufagio.

Alisimama kizingitini bila kuingia. Nyuma ya bega lake alipumua mwenye mali, dereva wa treni mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Gia. Mbele yao ilikuwa karakana ndogo iliyotunzwa kama sebule ya wageni. Spana zilitundikwa ukutani kwa kufuata ukubwa, na nyuma ya kila moja palichorwa kivuli chake kwa rangi nyeupe, ili isipokuwepo ijulikane mara moja. Hata ufagio ulikuwa na kivuli chake, nao ulikuwa umerudishwa hapo hapo. Katikati ya sakafu ya saruji, mahali ambapo jana asubuhi ilisimama pikipiki iliyomzidi Inspekta umri, hapakuwa na kitu.

"Usiguse chochote, Mzee," alisema.

"Nitagusa nini, Afande? Cha kugusa ndicho kilichokwenda."

Pikipiki yenyewe iliitwa Bi Mkubwa. Mzee Gia aliikuta vipande vipande ndani ya banda la kuku, kuku wakitagia kwenye tangi lake, akaanza kuifufua kabla hajaoa. Marehemu mke wake alikuwa akijitambulisha kwa wageni kama Bi Mdogo, kwa sababu, alisema, mwenzake alimtangulia kuingia nyumbani. Alitembea barabarani miaka mingi, lakini kazi ya kumrudishia sura yake ya zamani ilikamilika mwezi huu tu. Na kesho, Jumamosi asubuhi, chama cha wapenzi wa pikipiki za kale kilikuwa na msafara wake wa mwaka, kuanzia uwanjani hadi kilele cha mlima nje ya mji. Bi Mkubwa ndiye aliyechaguliwa kuongoza.

"Kesho lazima apande ule mlima," Mzee alisema. "Jana daktari wa macho amenipima, akatikisa kichwa. Leseni yangu inakwisha mwezi huu na hawanipi nyingine. Sasa wewe nitafutie. Waandishi wa habari wakitaka kujua kwa nini ninalia, mwambie kila mtu ni vumbi."

"Hakuna mwandishi wa habari hapa, Mzee."

"Nawatayarisha tu."

Inspekta alivaa glavu, akaingia. Kufuli la mlango lilikuwa zima. Ufunguo, Mzee alikiri, hutundikwa nyuma ya mlango wa jikoni, na hakuna mwanachama wa chama asiyejua. Karai la kukingia oili, ambalo hukaa chini ya injini usiku na mchana kwa kuwa pikipiki za umri huo hazijui kujizuia, lilikuwa limesukumwa chini ya meza ili mtu asijikwae. Karibu na pale lilipokuwa karai, Inspekta alipiga magoti. Palikuwa na alama ya duara, nyeupe kuliko saruji iliyoizunguka.

"Hii ni nini?"

Mzee Gia aliinama mpaka pua yake ikakaribia sakafu. "Petroli. Imekula uchafu ikapotea. Hiyo ni ya kuwashia, Afande. Kabla hujapiga kiki, lazima ubonyeze kitufe cha kabureta mpaka petroli ichuruzike kidogo. Halafu urudishe nyuma ule wenzo wa kuchelewesha moto. Halafu ushushe kiki polepole kama unayemwamsha mtoto, mpaka uisikie injini inagoma. Hapo ndipo unapiga."

"Na nikikosea?"

"Kiki inakurudi. Wapo watu mjini humu wanachechemea kwa sababu ya Bi Mkubwa."

Inspekta alisimama na kupangusa magoti. Kwa hiyo pikipiki haikusukumwa wala kupakiwa kwenye gari. Iliwashwa papo hapo, mchana kweupe, wakati Mzee akiwa hospitali na dada yake, na aliyeiwasha alizijua tabia zake zote. Halafu akasogeza karai. Halafu akafagia.

"Unamshuku nani, Mzee?"

"Daktari wa Meno," Mzee alijibu bila kuvuta pumzi. "Amekuja kuitaka mara nyingi kuliko posta wanavyokuja. Mkamate. Lakini umwache kwanza amalize jino langu la nyuma."

*

Ng'ambo ya barabara palikuwa na fundi cherehani, mama mwenye utepe wa kupimia shingoni, ambaye meza yake ilitazamana na lango la Mzee Gia. Alimwona aliyeiondoa. Alimwona vizuri sana, alisema, na hakushangaa, kwa kuwa aliyemwona alikuwa Mzee Gia mwenyewe.

"Ulimwona uso?"

"Uso ulikuwa ndani ya helmeti, Afande. Lakini koti lilikuwa lile lile lake la ngozi. Na mlio ulikuwa wake. Wengine wakiwasha mitambo yao wanaikoromesha papo hapo kama wanaofukuzwa. Yeye huiacha ipate moto, inanguruma pole pole, sindano yangu inatetemeka mezani, ndipo anaondoka. Gia ya kwanza, ya pili, hata haisikiki. Jana ilikuwa hivyo hivyo."

"Hukuona chochote cha ajabu?"

Fundi cherehani alifikiri, sindano kati ya midomo. "Nilisikitika tu. Koti lilimpwaya, mikono imefunika mpaka vidole. Mimi jicho langu haliachi kupima, Afande, ni maradhi ya kazi. Nikasema, maskini, jirani yangu amekonda vile? Nikapanga leo nimpelekee supu."

Inspekta alitazama ng'ambo, alikokuwa amesimama Mzee Gia langoni, mnene, mzima, akijaza shati lake barabara.

"Supu mpelekee," alisema. "Lakini si kwa sababu hiyo."

*

Daktari wa Meno alikuwa jitu la mtu. Alipofungua mlango wa gereji yake, mwanga ulilazimika kumzunguka ili uingie. Inspekta alijua pale pale kwamba koti la Mzee Gia lisingempwaya, lingempasukia mgongoni. Hata hivyo aliingia, kwa sababu utaratibu ni utaratibu, na kwa sababu Daktari alikuwa amekwisha kumshika kiwiko.

"Karibu, Afande, karibu. Nimesikia. Nimelia. Muulize mke wangu kama sikulia."

"Alilia," ilisema sauti ya mwanamke kutoka ndani. "Kwa mama yangu hakulia hivyo."

Pikipiki zilipangwa kwa safu, zimefunikwa mashuka yaliyopigwa pasi. Daktari aliyafunua moja baada ya jingine, na kila shuka lilipoondoka alishusha sauti kama mtu aliye wodini. Bi Mkubwa hakuwemo.

"Ulitaka kumnunua," Inspekta alisema.

"Nilitaka sana. Mpaka siku Mzee aliponiambia, haya, kama unamtaka, mwashe." Daktari alikunja mguu wa suruali akaonyesha kifundo chenye kovu. "Nilibonyeza, nikarudisha wenzo, nikapiga kiki. Ikanirudi. Niliruka juu ya usukani mbele ya chama kizima. Tangu siku hiyo namwamkia kwa mbali. Afande, kabla hujaniweka ndani, panda hii kidogo."

"Daktari, niko kazini."

"Panda tu uisikie. Umepata kuendesha?"

Inspekta aliendesha pikipiki za doria kwa miaka mingi kabla ya kupandishwa cheo, na alipoitazama ile ya kijani kibichi, yenye tangi lililong'aa kama kikombe kipya, mkono wake ulikuwa umekwisha kushika usukani. Daktari aliiwasha kwa kiki moja. Inspekta akaondoka nayo taratibu hadi mwisho wa uwanja, akageuza, akarudi akitabasamu, akakanyaga breki. Pikipiki haikusimama. Kitu fulani kililia chini ya mguu wake, chombo kikarukia mbele, na safari ikaishia ndani ya tuta la maua ya mwenye nyumba.

Daktari alikuja mbio akicheka machozi. "Wote, Afande. Wote wanaokuja hapa. Breki ya hizi kongwe ni mguu wa kushoto, na gia ni wa kulia. Za siku hizi zimegeuza. Kichwa unaweza kukifundisha kwa siku moja, lakini mguu ukishtuka hurudi kwa mwalimu wake wa kwanza."

"Ni nani amekanyaga maua yangu?" iliuliza sauti ya ndani.

"Serikali, mke wangu."

Inspekta alitoa petali kwenye soli ya kiatu. "Daktari, nani mwingine anayeweza kumwasha Bi Mkubwa?"

"Hakuna. Mzee hafundishi mtu. Nimembembeleza mpaka nikachoka."

*

Palibaki swali moja la kuulizwa, nalo lilikuwa rahisi: nani alijua kwamba jana mchana Mzee Gia hatakuwa nyumbani? Mzee alilijibu kwa simu. Dada yake aliyempeleka hospitali alijua, ambaye kutwa nzima alikuwa naye. Na binti yake alijua, kwa kuwa ndiye aliyeomba miadi kwa daktari wa macho.

Binti alikuwa mfamasia, mwenye duka lake la dawa barabara ya tatu kutoka hapo: mwanamke mwembamba, koti jeupe, kalamu zilizopangwa mfukoni kwa urefu. Chupa kwenye rafu nyuma yake zilitazama mbele zote, kama askari gwaride. Alimkaribisha Inspekta kwa heshima, akampa kiti.

"Namhurumia Baba," alisema. "Lakini nisikufiche, Afande, mimi na vile vyuma ni mbingu na ardhi. Sijawahi kuvipanda. Naogopa hata mlio wake."

"Na hii ya nje?" Mlangoni ilisimama pikipiki ndogo ya siku hizi, yenye kisanduku cha kupelekea wagonjwa dawa.

"Ah, hiyo ni kama baiskeli. Hiyo kila mtu anaiendesha."

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Hapa. Stoo, nyuma, nahesabu dawa. Muuzaji wangu alikuwa mbele."

Honi ililia nje. Gari la duka la jumla lilikuwa limekuja na mzigo wa dawa, na ile pikipiki ndogo ilikuwa imeziba uchochoro wa kuelekea stoo. Mpeleka dawa alikuwa ameitwa na wateja, hayupo. Binti akaomba radhi, akatoka, akaiwasha, akaiteremsha uchochoroni. Inspekta alimfuata hadi mlangoni akasimama kumtazama, kwa kuwa kutazama ndiyo kazi.

Uchochoro ulikuwa na mteremko. Mchukuzi wa gari la jumla, aliyebeba katoni mbili mpaka machoni, akarudi nyuma bila kutazama. Binti alimwona akashtuka. Mguu wake ukashuka kwa nguvu. Gia ikalia, pikipiki ikaruka, na ni breki ya mkono iliyomwokoa mchukuzi kwa upana wa kiganja.

"Dada, unataka kuniua na mimi sijalipwa?" aliuliza mchukuzi.

"Samahani, kaka. Kibovu hiki."

Inspekta aliusubiri mzigo uteremshwe. Alimsubiri mchukuzi aondoke. Kisha akamwendea Binti, ambaye bado alikuwa ameketi juu ya ile pikipiki ndogo.

"Bi Mkubwa yuko stoo?"

"Afande, nimekwambia mimi..."

"Umeniambia. Mguu wako umeniambia vingine. Aliyejifunzia pikipiki za siku hizi akishtuka hukanyaga kulia. Mimi mwenyewe nimekanyaga kulia leo asubuhi, na kuna mama ananidai maua. Wewe umekanyaga kushoto. Breki ya kushoto haimo katika chombo chochote ulichosema umewahi kukipanda." Aliyatazama mabega yake membamba. "Na koti lilikupwaya."

Binti alizima injini. Alikaa akivitazama viatu vyake, hasa kile cha kushoto, kama mtu aliyesalitiwa na ndugu.

"Nilikuwa nikisimama juu ya kreti kupiga kiki," alisema hatimaye. "Nilikuwa darasa la sita. Mama aliamini tunakwenda kununua mkate."

Stoo ilifunguliwa. Nyuma ya katoni za pamba, chini ya shuka jeupe la hospitali, alisimama Bi Mkubwa, mweusi tii, mistari ya dhahabu kwenye tangi, koki ya petroli imefungwa. Chini ya injini palitandikwa kadibodi safi, na juu ya kadibodi palikuwa na tone moja la oili. Inspekta aliitazama ile kadibodi kwa muda, akashindwa kujizuia, akacheka.

"Na kufagia?"

"Baba hataki mtu atoke karakana bila kufagia." Sauti yake ilipasuka. "Afande, amemimina chai pembeni ya kikombe mbele yangu. Wiki hii hii. Kisha ananiambia Jumamosi lazima Bi Mkubwa apande mlima. Ile barabara ina kona kama utumbo. Ulitaka nifanye nini?"

"Umwambie."

"Wewe umewahi kumwambia dereva wa treni asimame?"

Inspekta alianza kulikunja lile shuka la hospitali.

"Ningemrudisha Jumapili," Binti alisema. "Anichukie akiwa hai."

"Mwenye mali ndiye atakayeamua kama kuna kesi," Inspekta alisema. "Vaa lile koti. Mimi nitakufuata na gari."

*

Mzee Gia alikuwa kwenye kiti chake langoni, bakuli la supu mkononi, fundi cherehani kando yake akimhimiza anywe. Mlio ulitangulia kuipinda kona. Mzee aliweka bakuli chini. Hakuinua macho, ambayo kwa umbali ule hayangemsaidia; alitega sikio.

"Huyo si Daktari wa Meno," alisema.

Pikipiki ilifika, ikashushwa gia bila kusikika, ikasimama mbele ya magoti yake. Binti alivua helmeti. Fundi cherehani alilitazama koti akasema, "Aa," kama aliyemaliza kupima.

"Ni mimi niliyemchukua, Baba."

"Naona. Yaani sioni, lakini naona." Mzee aliinuka, akaweka kiganja juu ya tangi lenye joto. "Ulimwacha apate moto kabla ya kuondoka?"

"Nilimwacha."

"Kiki ngapi?"

"Moja."

"Moja," Mzee alimwambia fundi cherehani. Akamgeukia Inspekta. "Amesema moja."

"Nimesikia, Mzee. Sasa kuna hili jambo la mashtaka."

"Baba, sikutaka uendeshe kesho," Binti alisema haraka. "Hata ukinifunga. Macho yako hayawezi ile barabara."

"Nani kasema nitaendesha?"

Binti alimtazama Inspekta. Inspekta aliirudisha fikira yake kwenye maneno ya asubuhi, akayapitia moja moja.

"Ulisema lazima apande mlima," Inspekta alisema taratibu. "Hukusema nani atampandisha."

"Mimi jana nilipotaka kumpa daktari wa macho mkono wa kwaheri, nimeshika pazia. Nimpandishe nani mlimani?" Mzee alivuta pumzi. "Kutwa nzima ya jana nawaza nani wa kumpa. Chama kizima hakuna. Nimefikia mahali, Mungu anisamehe, nikataka kumpa Daktari wa Meno. Nilikuja kufungua kibanda ili nimwite aje kujaribu tena, na gari la wagonjwa lingoje langoni. Nikakuta mwizi kapita."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Wewe? Tangu urudi chuoni unazungumza nami shinikizo la damu tu. Nilidhani ulikwisha kuyasahau haya, unayaonea haya mbele ya wenzako."

"Nilidhani wewe hutaki mtu amguse."

"Sitaki mtu. Wewe ni mtu?"

Fundi cherehani alijipangusa macho kwa ncha ya utepe wake wa kupimia. Inspekta alivua kofia, akaikung'uta ingawa haikuwa na vumbi, akaivaa tena.

"Kwa hiyo, Mzee, unataka tumfungulie kesi au hutaki?"

"Ningoje nifikiri," Mzee alisema, tayari akimvua binti yake lile koti. "Mama, jirani, hebu lipunguze hili mikono. Liwe tayari kabla ya jua kuzama."

*

Jumamosi asubuhi Inspekta alikuwa chini ya mlima, njiapanda, akizuia magari. Haikuwa zamu yake. Watoto walipanda juu ya kuta, na mke wa Daktari wa Meno alimtazama kutoka kwenye kiti cha kukunja kwa jicho ambalo bado lilikuwa na maua ndani yake.

Walisikika kabla ya kuonekana. Kisha wakatokea, nyekundu, kijani, kahawia, madigadi yaking'aa, mabega yamenyooka, Daktari wa Meno akijaza barabara peke yake. Mbele yao wote, hatua nzima, alikuwa Bi Mkubwa. Aliyeshika usukani alivaa koti la ngozi lililomkaa sawasawa. Nyuma yake, mikono kiunoni mwa binti, kidevu juu, macho yamefumbwa kabisa, Mzee Gia alikuwa akiisikiliza injini na kuzungumza bila kupumzika.

"Punguza. Kona hiyo inadanganya. Sasa gia ya pili, mpe, mpe, anaomba mwenyewe huyo."

"Nimempa, Baba. Wewe ni abiria. Nyamaza."

"Abiria wa treni huruhusiwa kulalamika."

Walipofika usawa wa njiapanda, Binti alipunguza mwendo. Inspekta alipiga saluti. Mzee aliisikia sauti ya kisigino chake, akafumbua macho, akageuza uso kule kulikokuwa na kisigino.

"Afande, nimekwisha kufikiri," alisema. "Mfungulie kesi. Huyu ni mwizi kabisa. Lakini usimkamate mpaka tufike juu."

Binti akakanyaga gia, mguu wa kulia, na mlima ukaanza.